Mikono Miwili na Kidole Kimoja

Mjukuu wangu alijua kusoma kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nasimulia habari za mtoto mzito wa kichwa. Alisomea jikoni kwangu Igowole, akiwa amelala kifudifudi karibu na moto kwa sababu ya baridi ya kwetu, na kitabu chake cha kwanza kilikuwa mfuko wa mbolea niliokuwa nimeutandika chini ya gunia la viazi. Sentensi ya kwanza aliyoisoma peke yake mwanzo hadi mwisho ilikuwa "weka mbali na watoto". Alikuwa na miaka mitano. Akaufikiria ule mfuko, kisha akausukuma kwa mguu mpaka ukafika ukutani.

Nilimlea tangu akiwa na mwaka na nusu. Wazazi wake, yaani mwanangu wa kiume na mkewe, walikuwa Mbeya wanahangaika kujijenga, mume akichomelea mageti, mke akishona nguo za watu. Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu, nimebaki peke yangu kwenye nyumba ya vyumba vinne na redio moja. Nilikuwa nimefundisha darasa la kwanza na la pili karibu maisha yangu yote ya kazi, na mtu aliyezoea kuamrisha watoto themanini kwa siku hawezi kukaa tu akaamrisha kuku. Waliponiuliza kama naweza kukaa na mtoto, nilijibu ndiyo kabla hawajamaliza swali.

Nikamlea kama nilivyolelewa. Akikutana na mtu mzima anapiga magoti, awe amebeba maji, awe anakimbizwa na mvua. Wa nyumbani anawaamkia "kamwene", wageni anawaamkia "shikamoo". Akipewa kitu anakipokea kwa mikono miwili, hata kama ni punje ya mahindi. Mkubwa hatazamwi machoni. Sauti haipazwi mbele ya mkubwa, na mtoto haanzi kusema mpaka aambiwe "haya". Watu wa Igowole walikuwa wakisimama njiani kumtazama anavyosalimia, na mimi nilikuwa najifanya sioni huku kichwa kinanivimba.

Alipofika umri wa kuanza darasa la kwanza wazazi wakamchukua kwenda Mbeya, kwao Ilomba. Nililia siku mbili, siku ya tatu nikaendelea na viazi vyangu. Kila tulipopiga simu, mimi au shangazi yake, tuliambiwa mtoto yuko salama, anakula vizuri, anapendwa na walimu kwa heshima zake. Nilikuwa natosheka hapo. Heshima ilikuwa kazi ya mikono yangu.

Halafu siku moja, akiwa darasa la pili, mwanangu akanipigia.

"Mama, huyu mtoto kusoma hajui."

"Unasema mtoto yupi?"

"Huyu huyu wetu, mama. Si tuna mmoja?"

Akanieleza. Watoto wote wa darasa la pili walikuwa na upimaji wa kusoma, kuandika na kuhesabu. Katika kusoma, mtoto anaitwa peke yake mbele ya mpimaji, ambaye ni mwalimu mgeni kutoka shule nyingine. Anapewa karatasi yenye hadithi fupi, anaisoma kwa sauti, na mpimaji anamhesabia muda kwa simu. Ni dakika moja tu. Shule ilikuwa imefanya jaribio ili kuwazoesha, na mjukuu wangu katika dakika nzima alikuwa amesoma maneno saba. Mwalimu wa darasa alimwita mama mtoto akamwambia wazi kwamba upimaji wenyewe uko wiki sita mbele, na kama mambo ni hayo mtoto atarudia darasa la pili. Wenzake watakwenda la tatu, yeye atabaki na wadogo.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilimwambia mwanangu kwamba mtoto aliondoka kwangu anasoma, na kama sasa hasomi basi waniambie wamemfanya nini. Alipoanza kujitetea nikakata simu. Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye basi na nusu gunia la viazi, na njia nzima kutoka Mafinga hadi Mbeya nilikuwa napanga maneno nitakayowaambia, nayaongeza chumvi kila kituo.

Nilipofika sikuyasema yote, kwa sababu nyumba yenyewe ilinichanganya. Kila kitu kilikuwa kimebandikwa jina. Mlangoni kulikuwa na kikaratasi cha "mlango", dirishani "dirisha", kwenye cherehani "cherehani". Hata chupa ya chai ilikuwa na jina lake. Mke wa mwanangu, ambaye ni mtu mpole wa kusema maneno machache, alikuwa amekata vikaratasi hivyo kwa mkasi wake wa kazini, vyote saizi moja, vimenyooka kama kola za shati. Mwanangu naye alikuwa na filimbi. Wakikaa kula, mtoto hapewi kipande cha nyama mpaka asome neno, na filimbi ikilia kabla hajasoma, nyama inasubiri neno la pili. Nilipoona hilo kwenye chakula cha kwanza nilichokula pale, nilinyoosha mikono nikaichukua filimbi, nikaitia kwenye mkoba wangu. Iko kwangu Igowole mpaka leo, naitumia kuitia mbwa.

"Mama, tunajaribu," mwanangu akasema.

"Naona. Mnajaribu kumkondesha."

Jioni ile ile nilimkalisha mtoto kwenye mkeka. Mke wa mwanangu kwao ni Madibira, na mfuko wa mchele uliotoka kwao ulikuwa pale pembeni. Nikamwambia mtoto, nisomee huu mfuko. Akalala kifudifudi kama zamani, akaweka kidole, akasoma maandishi yote ya juu na ya chini, na uzito wake, na onyo la kuuhifadhi mahali pakavu. Kisha akahamia kwenye gazeti lililofungia maandazi, akasoma habari ya mpira iliyokatikia katikati, akaniuliza nani alishinda. Niliwaita wazazi wake kwa sauti ya ushindi.

"Haya, niambieni nani hajui kusoma."

Mwanangu akajikuna shingo. "Kwako anasomaga. Mbele ya watu ndiyo hasomi. Ngoja uone."

Akavuta kiti, akakaa mezani, akatoa simu na karatasi moja ya mazoezi kutoka shuleni. Akamwita mtoto kwa sauti ya kiofisi. Mtoto akaja, akapiga magoti, akanyoosha mikono miwili, akapokea ile karatasi kama anavyopaswa kupokea, akainamisha macho. Mwanangu akabonyeza simu. Mtoto hakuanza. "Haya, soma," akaambiwa, ndipo akaanza, kwa sauti ya mtu anayeongea na sisimizi. Alisoma mstari wa kwanza, akarukia wa tatu, akarudi wa kwanza, akanyamaza. Simu ikalia. Tulihesabu maneno tisa.

Sasa nakiri jambo. Wakati ule wote mimi nilikuwa natazama magoti. Nilikuwa natazama mgongo ulivyonyooka na mikono ilivyokaa, nikisema moyoni kwamba mwaka na nusu wa mjini haujaharibu kitu. Lawama ya yale maneno tisa nikaitupia simu.

"Zima hilo lisimu lako," nilisema. "Ndilo linamtisha."

Siku zilizofuata nilifundisha wazazi. Mtoto hakuhitaji mwalimu, nilishaona, wao ndio waliohitaji. Niliwaambia vikaratasi vibanduliwe, maana neno linalokaa ukutani mwezi mzima halisomwi tena na mtu. Niliwaambia chakula ni chakula. Baada ya kula, kabla vyombo havijaoshwa, mmoja asome hadithi kwa sauti na wengine wasikilize, na asiulize maswali ya mtihani, aulize tu, unadhani sungura atafanya nini sasa? Mwanangu alikuwa mzito mwanzoni. Ni mtu wa vyuma, kitabu mkononi mwake kilikuwa kinaonekana kidogo kama tiketi. Lakini siku ya nne alisoma habari ya fisi kwa sauti mbili, moja nene, moja ya puani, na mkewe akacheka mpaka akaegemea cherehani. Mtoto akamnyang'anya kitabu ili amwonyeshe fisi anavyopaswa kusema. Mwanangu akawa ndiye anayeuliza mapema kama hadithi ya leo ipo.

Ilikuwa nyumba ya furaha, sitaki kuificha. Tatizo ni kwamba kila tulipoweka kiti na meza na mtu wa kutoa karatasi, maneno yalirudi kuwa tisa. Siku moja yalikuwa kumi na moja tukafurahi, kesho yake yakawa manane. Wiki sita zikawa tatu. Mtoto mwenyewe akaanza kuniuliza kama watoto wanaorudia darasa wanakaa mbele au nyuma. Nilimjibu aache maneno ya ovyo, halafu nikaenda uani kujifanya naanua nguo. Niliogopa. Nilikuwa nimefundisha watoto wa watu wengi kusoma, nikawa nashindwa na wa kwangu, na sikuwa najua ni wapi ninaposhindwa.

Ndipo nikamkumbuka mzee wa duka. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la vitambaa ambako mke wa mwanangu hununua nyuzi na bitana. Mwenye duka ni mzee wa Kiislamu, babu yake alipanda kutoka pwani na biashara akaishia Mbeya, na yeye mwenyewe hajawahi kuiona bahari. Ana kofia nyeupe safi kila siku na upole wa watu ambao wanafahamu kwamba mteja atarudi tu. Mtoto alikuwa akimwogopa kidogo kwa sababu ya ndevu. Nikaona huyu ndiye mpimaji ninayemtaka.

"Mwalimu, mimi kusomesha sijui," akaniambia.

"Sitaki usomeshe. Nataka uwe mgeni."

"Hilo naliweza," akasema, akasogeza jora la kitambaa ili mezani papatikane nafasi.

Nilimleta mtoto mchana, saa ambayo wateja ni wachache. Alipiga magoti kwenye sakafu ya duka, akasema, "Shikamoo babu." Mzee akajibu marahaba, akampa karatasi. Mikono miwili ikapokea. Macho chini. Mzee akasubiri, mtoto akasubiri, wakasubiriana, mpaka nikamwambia mzee amwambie "haya". Mtoto akaanza kwa ile sauti yake ya sisimizi, akasoma mstari wa kwanza, akaangukia wa tatu.

Mzee hakuwa anatazama simu. Nilimpa ashike, akaiweka kifudifudi juu ya jora. Alikuwa anamtazama mtoto.

"Mwalimu," akasema, "kidole chake kiko wapi?"

"Kidole gani?"

"Sisi chuoni tulisoma Kurani kwa kijiti. Unashika kijiti, unafuata mstari, herufi kwa herufi. Ustadhi akitaka kukuadhibu anakunyang'anya kijiti tu, basi, macho yanapotea kama umefungwa kitambaa. Huyu mtoto nyumbani kwenu anasoma bila kidole?"

Nikaitazama mikono ya mjukuu wangu. Yote miwili ilikuwa imeshika karatasi, mmoja kulia mmoja kushoto, dole gumba juu na vidole vinne chini, kwa adabu kamili. Hapakuwa na kidole hata kimoja cha kufuatia mstari. Karatasi yenyewe ilikuwa imeshikwa chini karibu na tumbo, kwa sababu aliyepiga magoti mbele ya mkubwa hanyanyui kitu usoni pake. Sauti ilikuwa ndogo kwa sababu nilimwambia iwe ndogo. Hakuanza kwa sababu nilimwambia asianze. Mikono miwili nilifundisha mimi, kidole nilifundisha mimi, na sikuwahi kumwambia kipi kitangulie.

Nilikaa juu ya majora ya mzee wa watu bila kukaribishwa. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nadhani nilifanya vyote, maana mzee alinipa maji ya kunywa na mtoto akaniuliza kama naumwa tumbo.

Nilidhani kazi imekwisha. Jioni ile nikamwambia mtoto kwa urahisi kabisa, kama mtu anayemwambia avae sweta, kwamba kwa mpimaji hakuna kupiga magoti na karatasi inapokelewa kwa mkono mmoja.

Akanitazama kana kwamba nimetukana.

"Bibi, ulisemaga anayepokea kwa mkono mmoja anakitupa kitu."

"Nilisema. Lakini hii ni karatasi tu."

"Na ulisemaga hata kama ni punje ya mahindi."

"Nilisema."

"Karatasi ni kubwa kuliko punje."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia mkubwa akisema amesema. Yeye akapiga magoti kuniomba radhi, na machozi yakaanza kumtoka, na tukawa tumerudi pale pale, magotini. Mwanangu alikuwa mlangoni na chakula mdomoni, anajizuia kucheka, na hakujizuia vya kutosha.

"Umemfunga kwa kufuli la kwako mwenyewe, mama," akasema.

Nilimtuma akanunue chumvi ingawa chumvi ilikuwepo.

Aliyetutoa ni mke wa mwanangu. Alikuwa anapiga pasi gauni la mteja, hakuinua hata uso. Akamwita mtoto, akamuuliza, "Mteja akiniletea kitambaa, mimi nafanyaje?"

"Unapokea."

"Kwa mkono mmoja?"

"Kwa miwili."

"Nikishapokea, nakata nikiwa nimekishika hivyo hivyo?"

Mtoto akafikiri. "Unakiweka mezani."

"Nikishakiweka mezani, mikono ni ya nani?"

"Ya kwako."

"Na nikiendelea kukishika, nikipiga magoti mpaka jioni, mteja atapata gauni?"

Mtoto akacheka huku kamasi zinamtoka. Hatapata, akasema. Mama yake akamfuta pua kwa kipande cha bitana, akarudi kwenye pasi yake. Mimi na ualimu wangu wote tulikuwa tumekaa pale tunasikiliza kama wanafunzi. Nilimwambia mke wa mwanangu kwamba angefaa kuwa mwalimu. Akasema asante mama, nguo za watu zinangoja.

Kwa hiyo tukapata mpango. Anaingia, anasalimia, anapiga magoti kidogo tu, anapokea kwa mikono miwili. Anaiweka karatasi mezani. Anakaa. Kidole kinashuka kwenye neno la kwanza, na kikishashuka, anaanza mwenyewe bila kusubiri "haya". Na sauti, nikamwambia, mpimaji ni mkubwa ambaye masikio yake yamechoka kwa kusikiliza watoto wengi, kwa hiyo kumsomea kwa nguvu ndiyo heshima yenyewe. Hili la mwisho nilitunga papo hapo, lakini kadiri nilivyolirudia nikaona ni kweli.

Tukafanya mazoezi kila siku. Mwanangu akawa mpimaji kwa tai ya harusi yake, akikunja uso hadi mkewe anamwambia atamtisha hata mtu mzima. Siku nyingine mke wa mwanangu alikuwa mpimaji, na miwani yangu imemshuka puani. Mimi nilikuwa mpimaji mwenye mafua. Mzee wa duka alikuwa mpimaji halisi, kila mchana wa Jumamosi, na mtoto alipofikisha hadithi mwisho kwa mara ya kwanza ndani ya dakika, mzee alimkatia nusu mita ya kitambaa cha maua akashonewe begi la daftari. Meza, tulikuwa tunamwambia. Kumbuka meza. Asubuhi akinywa uji anaambiwa meza, usiku akisali anaambiwa meza.

Siku ya upimaji tulikwenda naye mimi na mama yake. Wazazi hawakuruhusiwa kuingia, tukasimama nje ya ua wa michongoma pamoja na wengine, kila mmoja anajifanya amepita tu. Wapimaji walikuwa wameketi barazani, mbali mbali, ili watoto wasisikilizane. Mpimaji wa kwetu alikuwa mama mnene mwenye koti jeusi. Amekaa kwenye kiti, faili lake lipo mapajani, na mbele yake kuna kibenchi kifupi cha mtoto kukalia.

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Nikamshika mke wa mwanangu mkono.

"Meza iko wapi?"

Hapakuwa na meza. Baraza nzima haikuwa na meza hata moja. Wiki tatu tulikuwa tumemwimbia mtoto meza, na serikali nzima haikuleta meza.

Akaitwa. Tukamwona anakwenda na gauni lake la shule lililopigwa pasi mara mbili. Akasalimia, akapiga magoti, akapokea kwa mikono miwili. Akasimama na karatasi yake. Akageuza kichwa huku na huku, na mimi nilijua anatafuta nini. Kisha akashuka tena chini kwa magoti yote mawili, akatupa mgongo, akainamisha kichwa.

Niliigeukia barabara. Nilisema, "Basi, amerudi magotini. Tumekwisha."

"Mama, tazama," mke wa mwanangu akasema.

"Sitazami. Kidole unakiona?"

"Sikioni, ametupa mgongo. Lakini yule mama anainama."

"Anainama amsikie sisimizi."

Nilisimama pale nikiitazama barabara ya Ilomba na pikipiki zake, nikimwomba Mungu msamaha kwa kila mtoto niliyewahi kumwambia anyamaze. Nilishaanza kupanga nitakavyomwambia kwamba kurudia darasa si mwisho wa dunia, na kila nilivyolipanga lilikuwa linasikika uongo. Dakika moja ni ndefu sana ukiwa umeipa mgongo.

Alitoka mbio. Mwalimu wa darasa alikuwa nyuma yake, anatabasamu kwa namna ambayo walimu hatutabasamu siku ya kazi.

"Bibi, meza haikuwepo," mtoto akasema kabla hajafika.

"Niliona, mama. Si kosa lako."

"Nikaiweka karatasi kwenye benchi. Halafu benchi fupi, nikikaa chini sioni, nikisimama kidole hakifiki. Nikapiga magoti, ndiyo ikawa sawa. Yule mama akasema, mbona hukai? Nikamwambia, kiti nimempa karatasi."

"Ukasoma?"

"Nikasoma. Kwa nguvu, maana masikio yake yamechoka. Nikamaliza yote, simu bado haijalia. Nikaona nikae kimya si vizuri, nikamuuliza kwake hawajambo."

Mwalimu wa darasa akatuambia mpimaji alikuwa amecheka mpaka akafuta macho, na amesema yule ni miongoni mwa waliosoma vizuri kuliko wote asubuhi ile. Habari ya kurudia darasa tuisahau, akasema, labda arudie mwalimu. Mke wa mwanangu alikuwa amefunika uso kwa kanga.

Mimi ni mtu mzima, na kuna wazazi wengi walikuwa pale wanatazama. Nikamwambia mjukuu wangu, "Simama vizuri, kamba ya kiatu chako imefunguka." Nikapiga magoti mbele yake kwenye vumbi, yote mawili, nikaifunga kwa mikono miwili, polepole, nikiwa nimeinamisha macho. Akainama juu ya kichwa changu, akaninong'oneza ili watu wasisikie.

"Bibi, haikufunguka."

"Najua," nikasema, nikafunga na cha pili.